Mtoto Aliyeahirishwa

Mji wetu hauna jina. Si kwamba haukuwahi kuwa nalo. Ulikuwa na majina mawili, na hapo ndipo ulipoharibika. Watu wa upande wa juu waliuita hivi, wa upande wa chini wakauita vile, wakapelekana mahakamani, na Mheshimiwa Hakimu Lwiza akaamuru kwamba mpaka hukumu itoke asiwepo mtu wa kulitamka hata moja kati ya majina hayo. Tukatii. Tumetii mpaka siku hizi ukimkaba mtu koo umuulize anaishi wapi, atakuonyesha ardhi kwa kidole na kusema, hapa. Mimi mwenyewe nimeyasahau yote mawili. Wakati mwingine nikiwa nasuka kichwa cha mtu, moja hunijia mpaka kwenye ncha ya ulimi, halafu linarudi lilikotoka.

Naitwa Nyamizi, msusi wa nywele, mjane, mama wa mtoto mmoja. Na kama ulidhani nitakusimulia habari za mji, mwenzangu, umepotea njia. Nitakusimulia habari za mtoto.

Lakini kwanza uijue sheria yetu, na jinsi mambo yalivyokuwa mpaka siku nitakayokusimulia, maana bila hiyo utasema huyu mama amerukwa na akili. Kwetu, kitu chenye kesi hakiguswi, na kisichoguswa hakisogei. Sheria hii si maneno ya kwenye makaratasi, inashika kweli. Ndugu wawili waligombea mto, na tangu siku kesi ilipofunguliwa mto umesimama. Maji yametulia kwenye mkondo kama uji uliopoa, na samaki wamo humo, macho wazi, hawaendi juu wala chini. Yuko ng'ombe wa mahari anayegombewa na familia mbili; hazeeki, hashiki mimba, na maziwa yake hayakauki. Na yuko marehemu Ntobi. Wake zake wawili walishindwa kukubaliana azikwe wapi, kila mmoja akamtaka kwao, hakimu akaweka zuio, na tangu hapo Ntobi hajamaliza kufa. Kila siku ya mahakama huletwa na kuwekwa kwenye benchi la nyuma kama kielelezo. Hukaa hapo na sanda yake, akisikiliza kesi za wenzake na kupiga miayo.

Kalunde wangu alikuwa na miaka saba baba yake alipofariki. Matanga hayajaanuliwa, shemeji yangu Mihambo akasema mtoto ni wa ukoo, atamchukua. Nikamwambia mtoto ni wa tumbo hili, na tumbo hili halijafa. Watu wakanituliza. Nyamizi, usipige kelele, nenda mahakamani, haki ipo. Nikaenda. Hakimu Lwiza akamtazama mtoto kwa huruma, haki ya Mungu kwa huruma kabisa, akaamuru akae chini ya mahakama mpaka kesi iishe. Wakamfunga kikaratasi cha kielelezo mkononi kwa uzi. Tangu siku ile Kalunde akabaki na miaka saba.

Mihambo mwenyewe alishakufa. Alikufa zamani, amekwisha hata kuotwa ndoto na wajane wake, na wanawe hawana habari na kesi wala na mtoto. Kwa hiyo nikawa nashindana na kiti kitupu. Nilishindana na kiti kitupu nywele zikawa nyeupe, magoti yakaanza kulia nikiinama, na kile kiti hakikushindwa.

Imeahirishwa.

Hilo ndilo neno lililonila. Usiniulize nimelisikia mara ngapi, kwetu hatuhesabu, kalenda zetu zenyewe zina kesi. Nimelisikia mvua ikinyesha na jua likiwaka. Nimelisikia nikiwa na homa. Kuna siku niliondoka nyumbani asubuhi nikiwa kijana na nikarudi mchana nikiwa mtu mzima, na katikati yake nilikuwa nimelisikia neno hilo tu. Nikiwa nasuka huwa najiuliza, siku ikishaahirishwa huenda wapi? Mtu hawezi kuichukua siku ya mwenzake akaitupa kama maganda ya ndizi. Mahali fulani lazima iwepo. Nikamtazama hakimu. Nikamtazama vizuri, kwa jicho la msusi linaloona unywele mmoja mweupe kwa mbali. Hakuwa na hata mmoja. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya kwanza, shavu limejaa, ngozi inang'aa, kijana wa kuoa. Nikajua siku zangu ziko wapi. Yumo anazitafuna, mwenzangu, na wala hanenepi.

Na kwa nini ahukumu? Nieleze wewe. Nyumba anayolala ni nyumba yenye kesi, haichakai bati. Maziwa anayokunywa ni ya yule ng'ombe. Na mtoto anayemletea chai asubuhi na jioni, asiyekua, asiyechoka, asiyejifunza kununa kama wanavyonuna wasichana wakishapevuka, ni mwanangu. Kesi ikiisha, kitu kinaondoka kwa hakimu kinakwenda kwa mwenyewe. Wazee walisema subira yavuta heri, wakasema tena ngoja ngoja yaumiza matumbo. Hawakutuambia heri inakwenda kwa nani na tumbo ni la nani.

Nilikuwa naruhusiwa kumwona. Siku ya mahakama alisimama upande wa kulia wa hakimu, ndani ya ule uzio wa mbao, nami nje. Kielelezo hakiguswi. Nilijua kichwa kile kinagawanywa vipi, upande upi nywele ni laini na upande upi zinakataa kitana. Nilikuwa nasuka vichwa vya watoto wa watu mji mzima, na kile kimoja nilichokizaa nilikitazama tu. Nilikuwa na hamu naye mpaka vidole viliniuma. Nasema viliniuma kweli, hapa kwenye viungo, nikawa navikanda kwa maji ya moto. Majirani wakasema ni baridi yabisi. Nikawaacha waseme.

Sasa sikia namna tulivyojifunga wenyewe. Kwetu heshima ni kusimama. Karani wetu, Shija, akipaza sauti, "Kooorti!", ukumbi mzima tunainuka, na hakai mtu mpaka hakimu akae. Tulirithi hivyo kwa baba zetu. Hakimu Lwiza akaingia siku yake ya kwanza, akaweka kiganja kwenye mgongo wa kiti, na hakukaa. Akasoma kesi amesimama, akaahirisha amesimama, akatoka. Tukasema pengine ana jipu. Siku ya pili vivyo hivyo. Basi ikawa ndiyo desturi. Mahakama ambayo haijakaa haijaanza, na kisichoanza hakina kosa. Ukimlaumu atakuuliza, kikao kipi hicho unachokilalamikia? Nasi tukasimama. Wapo walioshika mimba wakisubiri zamu, wakaenda kujifungua, wakarudi kusimama na watoto mgongoni. Miguu ilivimba. Watu walijifunza kusinzia wameegemeana. Lakini kukaa mbele ya hakimu aliyesimama? Ebo, tungeonekana hatukulelewa.

Hata wazee wa baraza walisimama. Walikuwa wawili, waliowekwa kumsaidia hakimu kwa ushauri: Bibi Milembe mwenye miguu minene kama magogo, na Mzee Kapalata. Mzee Kapalata alikuwa na neno moja la ushauri, nakubaliana na Mheshimiwa, na alilitoa mapema kabla Mheshimiwa hajasema lolote, ili asichelewe.

Nikaandika malalamiko kwa wakaguzi, wale wakubwa wa mji mwingine wanaowachunguza mahakimu. Nilisubiri. Yakarudi. Utaratibu, wakasema, ni kwamba lalamiko dhidi ya hakimu lianze kusikilizwa na mahakama ya mahali lilikotokea. Yaani na yeye. Nilicheka peke yangu nikiwa nimekaa kwenye kibaraza, nikacheka mpaka mteja niliyekuwa namsuka akageuza shingo kuniangalia. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Tunausema huo kila siku, na kila siku tunawapelekea ngedere kesi zetu.

Hakimu akaniita ofisini. Nilijiandaa kutukanwa, hata maneno ya kujibu nilikuwa nayo, makali. Hakunitukana. Alinikaribisha kiti kwa adabu, akaniita dada yangu ingawa kwa sura ningeweza kuwa mama yake. Kalunde akaingia na chai. Akanisalimia, nikaitika, akasimama karibu yangu hivi kwamba nilisikia harufu ya utosi wake, na sikuruhusiwa kunyoosha mkono. Kisha akatoka.

"Mama Kalunde," hakimu akaniambia, "nikihukumu leo, miaka yote niliyoiahirisha itamwangukia kwa mara moja. Huyo uliyemwona na kikombe hutampata. Utapata mwanamke usiyemjua."

Nikamuuliza, na usipohukumu?

"Utamwona hivi hivi kila ukija. Wazazi wangapi wamepata bahati hiyo?"

Nilikuwa na maneno makali, nimekwambia, na yote yaliyeyuka. Nikasimama, nikasema asante Mheshimiwa. Hayo ndiyo yaliyotoka mdomoni mwangu.

Asante.

Kuanzia hapo nilikuwa nakwenda mahakamani kama mtu anayekwenda kutazama picha. Sikudai tena. Shija akiita jina langu naitika, hakimu akiahirisha nainamisha kichwa, na moyoni nafurahi, ndiyo, nafurahi, kwa sababu jino lake la mbele lililong'oka bado halijaota na bado anasema sisimisi badala ya sisimizi. Nani hataki hayo? Mama gani akiulizwa atasema, mchukueni huyu mdogo, nipeni mkubwa? Nilijiambia namlinda. Nilijiambia dunia ni mbaya, huko nje watoto wanakua wanavunjika, wangu yuko salama ndani ya uzio. Lakini nikirudi nyumbani naona godoro lake limekunjwa. Nina hamu naye, na huyo niliye na hamu naye nimemwona asubuhi. Ni hamu gani hiyo ambayo hata ukimtazama mtu mwenyewe haiishi? Nilikuwa na hamu na mtoto aliyesimama mbele yangu. Nilikuwa na hamu na kesho yake, nadhani. Mtoto bila kesho ni nusu ya mtoto, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuwa inanililia kwenye godoro.

Halafu akaja Limi.

Limi na Kalunde walizaliwa msimu mmoja, wakaruka kamba kwenye uwanja mmoja, wakapigana na kununiana na kupatana. Limi alikuja mahakamani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba la mumewe. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine anamshika upindo. Akapita karibu na uzio. Kalunde akamwona mtu mzima anapita, akakunja magoti kidogo kama nilivyomfundisha.

"Shikamoo, mama."

Limi akaniangalia mimi. Aliniangalia kama anaomba ruhusa, au anaomba nimfiche. Niliinamisha macho. Akasema, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ndogo, akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika na mtoto mgongoni akitikisika naye. Kalunde alisogea kwenye uzio akaninong'oneza, je, yule mama amefiwa? Nikamwambia ndiyo. Akamhurumia. Kisha akauliza kwa nini siku hizi Limi haji kucheza, amemkosea nini?

Mwenzangu, nimezika mume, nimezika wazazi wote wawili, sijawahi kuumia kama siku ile. Niliona kwamba hakuwa salama ndani ya uzio. Alikuwa anaibiwa mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nashukuru.

Nikarudi nyuma mpaka kwenye benchi la mwisho nijishikize kwenye ukingo wake, na hapo nikawa jirani na marehemu Ntobi. Alikuwa amekaa. Sikuwahi kulitia maanani. Sisi wote tumesimama tangu asubuhi, yeye amekaa raha mustarehe, na Shija anampita bila kumkemea. Nikamuuliza chinichini, wewe mbona hutozwi faini?

Akasema alishachunguza jambo hilo, kwa kuwa ana muda. Hakuna kifungu. Kusimama ni adabu tu, haijaandikwa popote. Alikuwa amewaambia wengi, lakini watu hawapokei ushauri wa maiti.

"Mimi nimekaa sana," akaniambia, "lakini maiti haianzishi baraza. Anahitajika aliye hai."

Nikamuuliza anataka nini yeye mwenyewe, maana kesi yake nayo ingeguswa. Alifikiri. Akasema anatamani udongo. Hajali upande upi, kwa mke mkubwa au kwa mke mdogo, ila anatamani ule uzito juu ya kifua, na kusahau.

Siku iliyofuata ya mahakama nilivaa gauni langu la kitenge na kuchana nywele zangu mwenyewe, kitu ambacho wasusi hatukifanyi mara nyingi. Nikapata nafasi benchi la mbele. Shija akapaza sauti, "Kooorti!" Ukumbi ukainuka, nami nikainuka. Hakimu Lwiza akaingia, Kalunde nyuma yake amebeba kikombe. Kiganja kikaenda kwenye mgongo wa kiti. Akafungua faili la kwanza. Ilikuwa mchana mweupe, na jua lilikuwa limesimama dirishani pale pale linaposimamaga akiwa amesimama yeye.

Nikakaa.

Sikufanya kwa kishindo, usije ukadhani mimi shujaa. Nilikaa kama anavyokaa mtu aliyechoka. Benchi lililia. Watu wakageuka, na jirani yangu akanivuta mkono akidhani nimezimia. Shija akanijia mbio kwa vidole vya miguu. Akaniuliza nimeruhusiwa na nani kuwa tofauti na wenzangu, ninawatia aibu watu wa mji, Mheshimiwa amesimama sioni? Nikamwambia naona, na ndiyo maana nimekaa.

Hakimu akashusha faili. Hakukasirika; nadhani hakuwahi kukasirika maisha yake yote, hasira nayo alikuwa ameiahirisha. "Mama Kalunde," akasema, "unaidharau mahakama?"

"Mahakama haijakaa, Mheshimiwa. Nitakidharau vipi kitu ambacho hakijaanza?"

Kalunde alinitazama kwa wasiwasi, mtoto anayemwona mama yake anakosa adabu hadharani. Nikajua kwamba kama hatakaa mtu mwingine, nimekwisha. Nitatolewa nje, nitakatazwa hata kumtazama. Nilikuwa nimeuweka rehani hata ule mlo wangu mdogo wa macho.

Aliyekaa wa pili alikuwa Bibi Milembe. Alishusha mwili wake taratibu kwenye kiti cha wazee wa baraza, akiguna, akasema magoti yake yamemsihi miaka mingi na leo ameyakubalia. Mzee Kapalata akamwona mwenzake amekaa, akakaa naye, na kwa mazoea akasema, nakubaliana. Hakujua amekubaliana na nani. Lakini neno likawa limetoka, wazee wa baraza wote wamekaa, na ukumbi uliona. Limi akakaa na mtoto wake. Wakakaa wale ndugu wa mto, kila mmoja upande wake. Wakakaa watu wa juu na watu wa chini. Ulikuwa kama upepo unalaza mtama. Nilisikia watu wazima wanalia kwa raha ya kukaa tu.

Hakimu akabaki amesimama peke yake. Na kwetu, kama kwenu, mahakama ikishakaa, anayesimama peke yake ni mshtakiwa.

Alilielewa hilo kabla yetu, kwa kuwa alisomea. Alikivuta kiti akae upesi, na Bibi Milembe akamwambia asubiri, mshtakiwa hakai. Alimwambia kwa upole, Baba, subiri kidogo. Kisha akaanza kumuuliza, maswali ya jikoni kabisa. Maziwa ya ng'ombe mwenye kesi anayanywa nani? Akasema, mimi. Nyumba yenye kesi anaishi nani? Mimi. Mtoto wa watu anamletea chai nani? Mimi. Shija karani alikuwa ameshika kalamu hajui aandike au asiandike, akaniangalia, nikamwambia andika.

Bibi Milembe akamuuliza kwa nini basi hakuhukumu hata moja, japo ya mpera mmoja, tukaona.

Hakimu Lwiza aliutazama ukumbi. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu ndani ya lile joho. "Nikiwarudishia kila mtu chake," akasema, "mimi nitabaki na nini?"

Nitakuambia ukweli, nilimhurumia. Aliuliza kwa hamu, hamu ninayoijua, ile ya vidole kuuma. Alikuwa mtu asiye na chake, aliyewekwa katikati ya vya watu na kuambiwa asiguse. Lakini huruma si hukumu. Kila mwizi ana hamu na kitu. Nikasimama, kwa sababu anayesema mahakamani husimama, nikaomba hukumu ya kesi yangu.

Akanikumbusha kwa macho tu yale tuliyozungumza ofisini. Hakuwa na haja ya kusema. Nikamgeukia Kalunde. Nilimtazama mzima mzima, nilimtazama pole pole kama mtu anayekunywa maji ya mwisho kwenye mtungi. Pengo la mbele. Kovu la goti. Vile visigino vyake vya vumbi. Namna anavyolalia mguu mmoja akichoka. Nilitaka kumwambia jambo, na kila jambo lililonijia lilikuwa kubwa kuliko mtoto wa miaka saba. Nikamwambia amshushie kikombe Mheshimiwa, asije akaungua. Akakishusha.

"Soma," nikasema.

"Mtoto arudi kwa mama yake."

Ilikuwa hivyo tu. Maneno hayo yalikuwa mafupi kuliko kiapo, mtu angeweza kuyasema akifunga kamba za viatu. Kwa ajili ya maneno hayo nilizeeka.

Kwanza tulisikia mto. Hakimu akishaanza hakuweza tena kuacha, akawa anazisoma hukumu moja baada ya nyingine, na mbali huko maji yakanguruma kama mtu anayesafisha koo. Nyuma yangu marehemu Ntobi alipewa kwa mke mdogo, akasema alhamdulillahi, akalala chini kwenye benchi na kunyoosha miguu. Lakini mimi nilikuwa namtazama mmoja. Ule uzi wa mkononi ulikatika. Akalia, mara moja, kilio cha kushtuka, na sauti ilianza ya mtoto ikaisha ya mwanamke. Gauni likapasuka mabegani. Alikuwa anakua mbele ya watu wote, wanaume kwa wanawake, na hana pa kujificha. Sikuwa na haja ya kusema. Wanawake waliinuka, Limi wa kwanza, kila mmoja akifungua khanga yake ya juu, wakamzunguka wakawa ukuta, wakamfunika. Tulipofungua ule ukuta alikuwa amesimama mtu mrefu kuliko mimi, na kifua, na mikunjo miwili midogo kando ya mdomo, mikunjo ya mtu ambaye amenyamaza sana. Alikuwa na umri niliokuwa nao mimi siku nilipokwenda kufungua kesi.

Nilimjua? Niliijua pua ya baba yake. Mengine sikuyajua. Hakimu alisema kweli. Mikono yangu niliyokuwa nimeinyoosha tangu zamani ilikuwa imenyooshwa chini, kimo cha mtoto, nikalazimika kuipandisha. Hapo ndipo nilipomlilia yule mdogo, nikiwa nimemkumbatia huyu mkubwa, na huyu mkubwa alijua ninamlilia nani. Alinishika viwiko. Alikuwa na nguvu. Akanitazama nywele nyeupe, akanitazama uso, akawa anatafuta maneno kwenye kinywa kipya.

"Mama, mbona umechelewa?"

Mwenzangu, mdomo wangu ulifunguka kuomba radhi. Ulifunguka wenyewe, kwa mazoea, kama ulivyosema asante siku ile. Nilikuwa nimeshaanza, ni-sa-, nikalishika neno kwa meno. Nilikwenda siku zote nilizoitwa. Nilikwenda na homa, nilikwenda na mvua. Kuchelewa kule hakukuwa kwangu, na sikuwa tayari kukubeba nife nako.

Nikamgeuza kwa mabega yake taratibu, akaelekea mbele. Pale Hakimu Lwiza alikuwa amemaliza faili la mwisho, hata lile la mji, ingawa majina yenyewe hapakuwa na aliyeyakumbuka. Zile siku zote zilikuwa zimemtoka. Alikuwa mzee, mzee sana, joho linamning'inia, mkono unapapasa nyuma ukitafuta kiti.

"Asikae," nikasema. "Mwanangu ameuliza swali, na swali ni lake."

Alimtazama Kalunde. Midomo ikamcheza. Tuliiona ile kauli yake ya zamani inapanda kooni, tuliijua kabla haijafika, na ukumbi mzima tukatikisa vichwa, hapana. Akaimeza. Kalunde alikaza khanga za watu kifuani, akakaa kando yangu kwenye benchi, bega kwa bega, akasubiri.

Hatuinuki mpaka ajibu.